Saa ya Bi Mize

Karatasi zimefika Wete na boti la mizigo,
kurasa tisa, alama thelathini,
zimeandikwa na watu wasiomjua Bi Mize Faki,
nami nimelipwa nauli nije nimuulize.

Namfunga mkanda wa presha. Mashine inaguna,
inatoa mia na themanini na mbili.
"Chumvi, mama?"
"Ng'onda hana kipimo, mwanangu. Huliwa tu."

Nampa maneno matano ayashike:
chungwa, pazia, ngazi, kijani, koti.
Anayatafuna polepole kama tambuu.

Kisha, chora saa.
Duara lake halikutani vyema,
lakini sita anaiweka juu, katikati,
na kumi na mbili anaizamisha chini kabisa.
Mwongozo unasema: sufuri.
Nanyanyua kalamu, naye ananizuia kwa jicho:
"Saa sita jua liko wapi? Si utosini?
Na kumi na mbili, si limeshatua?
Basi hiyo saa yenu ndiyo mbovu."

Sikuandika sufuri.
Pembeni, kwa penseli, niliandika:
saa hii inakwenda.

Lakini maneno.
"Yale matano, mama?"
"Chungwa."
Uani, bintiye Kazija anakamua nguo,
maji yanapiga beseni.
"Chungwa… na lile la dirishani."
Pazia limempotea jina, halijampotea mahali.
Mwongozo hauna alama ya mahali.

Januari walikwenda Unguja, akapigwa picha ya kichwa.
"Madoa meupe," anasema Kazija akifuta mikono,
"kama kanga iliyodondokewa jiki."
Na hakuanguka, hakupinda mdomo,
hakuna asubuhi ya kusema: siku ile.
Ni vishipa vya mwisho kabisa, daktari alisema,
vyembamba kushinda uzi,
vinakakamaa kimoja kimoja bila kelele,
na kila kinapoziba, kuna kijambo kinakosa damu:
kifungo cha gauni,
hatua ya kuvuka mlango,
jina la mjukuu wa tatu.

Ukurasa wa saba: ilianza lini?
Nyumba nzima inatazamana.

Ndipo Kazija akafungua kasha.
Kofia. Za vitobo, za mkono wake,
kumi na moja alizokataa kuziuza.
"Hii ya arusi ya Mbarouk.
Hii ya mwaka tulioezeka bati.
Hii… mama, hii ya nani?"
Tukazipanga mkekani kwa miaka,
tukafunga dirisha,
nikawasha tochi ya simu ndani ya ile ya kwanza.

Ukuta ukajaa nukta, safu juu ya safu,
hata moja haikukosa.
Ya pili vilevile. Ya tatu. Ya nne, ya tano.
Ya sita, ya mwaka wa bati,
safu ya juu ina kiza cha kitobo kimoja.
Ya saba, vitatu.
Ya tisa, mstari umeinama kama mtu anayesinzia.
Ya kumi na moja haijesha. Sindano imo, ina kutu.

Miaka kumi na mmoja!
Walikuwa wakiivaa kwenye Idi, wakisifiwa.

Bi Mize akasogea kwa vijihatua vyake,
nyayo zikiburura sakafu,
akatia kidole ukutani, penye kile kiza cha kwanza.
"Hapa pamenipita," alisema.
"Nilijua. Nikasema ni macho."

Kisanduku cha ukurasa wa saba kinataka tarakimu nne.
Nikaijaza, mkono ukinitetemeka,
kwani ushahidi wangu ni kofia
na sijui kama Unguja wataupokea.

Nilikuwa nishavaa viatu, nishaaga, nishatoka barazani,
ndipo sauti ikanifuata mlangoni:
"Ngazi!"

Muda wa maneno ulikwisha zamani.
Na chini yangu, kweli, ngazi mbili za saruji,
ya pili imemeguka.
Amelikumbuka, au ananionya?

Nilisimama, mguu mmoja hewani,
nikitafuta kalamu.